Botobrashi: mbona mti wako hautoi maua, na mengine yanayosemwa juu yake

Kila mvua zinapokaribia, vitalu vya miche kando ya barabara za Nairobi, Nakuru, Arusha na Moshi hujaa wanunuzi. Tangu Kenya itangaze lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, hawaji wakulima peke yao. Wanakuja wenye nyumba, kamati za mitaa, walimu wakuu na vikundi vya kanisa, na kwenye buti za magari yao hakukosekani botobrashi, ule mti wa maua mekundu yenye nyuzi zilizosimama pande zote mfano wa brashi ya kuoshea chupa.

Shida ni kwamba mche huo hufika nyumbani na maneno mengi yanayogongana. Jirani mmoja anasema utakausha kisima kama mkaratusi. Mwingine anasema unafukuza mbu. Wa tatu anachemsha majani yake kutibu kikohozi. Muuzaji naye, ukimuuliza, anakujibu kwamba ni mti wa kienyeji kwa sababu ameuona tangu utotoni. Halafu inapita miaka miwili mitatu, mti umekua vizuri, umekatwa vizuri, na ua hata moja hakuna. Hilo la mwisho ndilo ninaloulizwa zaidi, na jibu lake liko kwenye umbo la mti wenyewe.

Tuanze na utambulisho. Botobrashi ni jina la kundi la mimea, na kwao ni Australia. Hakuna hata mmoja wenye asili ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mradi unaodai miti ya asili usiuhesabu. Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na baharia Mwingereza Kapteni James Cook, alikusanya sampuli zake Botany Bay, pwani ya Australia, mwaka 1770, na kufikia 1789 mti huu ulikuwa umeanza kupandwa Uingereza. Mwaka 1814 mtaalamu mwingine wa mimea, Robert Brown, alilipa kundi hilo jina la kisayansi, Callistemon. Ukikuta kibandiko cha kitalu kimeandikwa Melaleuca badala ya Callistemon, hujauziwa mti mwingine. Mwaka 2006 mtaalamu wa Australia, Lyn Craven, alihamishia aina nyingi za botobrashi kwenye kundi kubwa zaidi la Melaleuca, na hadi leo wapo wanaolifuata jina jipya na wapo wanaoshikilia la zamani. Kwa mtu mwenye jembe mkononi tofauti hiyo haina uzito.

Tofauti yenye uzito ni ya aina mbili zinazouzwa sana kwetu. Ya kwanza, Callistemon citrinus, ni kichaka kinachosimama wima, mara nyingi mita 3 au 4, na jani lake changa ukilifikicha linanukia kama limau. Ya pili, Callistemon viminalis, matawi yake huning'inia kama yanayotafuta maji, na hakika kwao Australia huota kwenye kingo za mito. Hii hukua ikawa mti kamili wa mita 8 na zaidi. Mtu akipanda ya pili chini ya waya wa umeme akidhani kanunua ya kwanza, atakuwa na kazi ya kukata kila mwaka. Zipo pia aina fupi zilizochaguliwa kwa ajili ya bustani ndogo, kama Little John, inayoishia kama mita moja tu na inafaa hata kwenye chungu. Na usishangae ukiona zenye maua ya rangi ya maziwa, manjano au zambarau. Nazo ni botobrashi.

Ndugu wa mkarafuu

Hofu ya kukausha visima ina chanzo chake. Botobrashi uko katika familia moja na mkaratusi, familia ambayo wataalamu wanaiita Myrtaceae. Lakini familia hiyo ni pana. Mkarafuu wa Unguja na Pemba umo, mpera umo, mzambarau umo. Chukua jani la botobrashi ulielekeze kwenye jua, utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na jani la mpera linavyo pia. Kisha ukipata mpera uliochanua, litazame ua lake kwa karibu: petali nyeupe chache, na katikati shada la nyuzi nyingi nyembamba. Nyuzi hizo ni stameni, sehemu ya kiume ya ua, na ncha zake ndizo zenye chavua. Kwenye botobrashi ni stameni hizohizo zilizorefushwa na kupakwa rangi nyekundu, na maua mengi yamepangwa kuzunguka tawi moja. Petali zake zipo, lakini ni ndogo, za kijani kibichi, nazo hudondoka upesi. Kile tunachokiita ua moja ni makumi ya maua yaliyokaa pamoja.

Sasa, udugu haumaanishi tabia moja. Kiasi cha maji ambacho mti unatumia hutegemea ukubwa wake, wingi wa majani yake na namna ulivyopandwa. Mikaratusi iliyoleta malalamiko ni miti mirefu, iliyopandwa kwa mamia bila nafasi, mara nyingi mabondeni na kando ya vijito, ikakatwa na kuchipua tena kwa kasi. Kichaka kimoja cha mita 3 mbele ya nyumba kinakunywa kama kichaka kingine chochote cha kimo hicho. Sioni sababu ya mtu kujinyima botobrashi kwa kuogopea kisima. Kando ya chemchemi ni jambo jingine. Pale panda mkuyu, mti wa kwetu unaojua kazi hiyo.

Mizizi yake nayo haina sifa mbaya ya kupasua misingi, ila hupenda unyevu na itaingia kwenye bomba lililokwisha kuvuja. Aina kubwa iweke mita 3 au 4 kutoka ukutani na mbali na shimo la maji taka. Little John waweza kuiweka karibu na kibaraza.

Tawi linalopita katikati ya ua

Hapa ndipo penye ufunguo, na ningependa usome ukiwa umesimama karibu na mti kama unao.

Mimea mingi tunayoizoea ikitoa ua kwenye ncha ya tawi, tawi hilo linaishia hapo. Botobrashi haufanyi hivyo. Ua hutokea kwenye ncha ya chipukizi lililokomaa, lakini kichipukizi cha mbele hakifi. Brashi ikishanyauka, utaona majani mapya yakitoka kwenye kilele chake, na tawi linaendelea na safari kana kwamba ua lilikuwa kituo cha njiani. Msimu unaofuata ncha hiyo mpya nayo inatoa brashi, kisha inaendelea tena.

Shika tawi la mti mzee ulifuate kutoka shinani kwenda nchani. Utakuta pingili ya majani, kisha duara la vijitunda vigumu vya kijivu vilivyoshikamana na gome, visivyo na kikonyo, halafu majani, halafu duara jingine. Kila duara ni mahali palipokuwa na brashi. Tawi lenyewe limeandika historia yake, na unaweza kuhesabu limechanua mara ngapi. Kwa sababu kwetu hakuna majira ya baridi kali, mti wenye afya huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, mara nyingi baada ya mvua kuupa chipukizi jipya.

Ukishaona hivyo, fumbo la mti usiochanua linafumbuka lenyewe. Maua yanatoka kwenye ncha. Mtunza bustani anayepita na mkasi mkubwa kila mwezi kuunyoosha kama uzio, anaondoka na ncha zote. Mti unachipua upya, chipukizi halijakomaa mkasi unarudi, na hivyo hivyo mwaka mzima. Unabaki na kichaka cha kijani kilichonyooka, kizuri kwa namna yake, ila bila ua. Mtu anaulaumu udongo, ananunua mbolea, anamwaga maji. Mti hauna ugonjwa wowote. Umenyimwa nafasi tu.

Namna ya kupogoa ni hii. Subiri brashi zinyauke, zipoteze rangi. Hapo hapo, kabla vijitunda havijakomaa, kata tawi sentimita chache nyuma ya brashi iliyonyauka, mahali penye majani. Sehemu uliyokata itatoa machipukizi kadhaa badala ya lile moja ambalo lingeendelea, na kila moja likikomaa lina haki ya brashi yake. Baada ya hapo uache mti upumzike hadi wimbi jingine la maua lipite. Kwa kufanya hivyo mara moja baada ya kila kuchanua, kichaka kinajaa, hakiwi na vishina virefu vilivyo uchi, na maua yanaongezeka mwaka hadi mwaka.

Mti mzee uliorefuka kupita kiasi nao unakatika. Botobrashi huchipua hata kwenye gogo. Lakini usiukate wote kwa siku moja. Chukua theluthi ya matawi makubwa mvua zinapoanza, ngoja yachipue, kisha endelea na mengine msimu unaofuata. Wakati huo usitarajie maua mengi.

Zipo sababu nyingine za mti kukataa kuchanua, na ni rahisi kuziangalia. Kivuli ni ya kwanza: botobrashi unataka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mbolea ya nitrojeni, kama yurea au CAN, inayomwagwa kwa ukarimu hutoa majani mengi na maua machache. Na mche uliotokana na mbegu huhitaji miaka 3 hadi 5 kabla ya brashi ya kwanza. Huo hauna tatizo, bado mtoto.

Majivu, chokaa na majani ya njano

Kwenye upandaji sitakaa sana kwa kuwa mti huu si mgumu. Unavumilia kichanga, unavumilia udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuama maji wakati wa mvua, na ukishashika mizizi unavumilia ukame. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa, panda mvua zinapoanza. Kabla ya kununua, geuza kiriba utazame chini. Mizizi mingi iliyojizungusha ndani ni dalili kwamba mche umekaa kitaluni kupita kiasi, na hata ukiupanda utabaki umejinyonga. Mwaka wa kwanza mwagilia maji mengi yazame hadi kwenye mizizi, mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni.

Kinachousumbua ni kitu ambacho wengi tunakifanya kwa nia njema. Tunatia majivu ya jikoni kwenye shimo. Kwa mboga kadhaa majivu yanasaidia, lakini yanapunguza asidi ya udongo, na botobrashi unapenda udongo wenye asidi kidogo. Asidi ikipungua mno, madini ya chuma yanabaki ardhini katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyanyonya. Matokeo yake unayaona kwenye majani machanga: jani linageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Dalili hiyo hiyo inatokea kwa mti uliopandwa palipokuwa pakichanganywa saruji na chokaa wakati wa ujenzi, na kwa mingi ya Pwani na Zanzibar iliyopandwa kwenye udongo wa mawe ya matumbawe, ambao kwa asili ni wa chokaa.

Kuongeza maji hakusaidii hapo. Kilichopo ni kuondoa vifusi, kutandaza mboji na majani makavu kwa unene wa kiganja bila kugusa shina, na kama njano imezidi, kuweka mbolea yenye chuma kutoka duka la pembejeo kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kwenye udongo wa matumbawe mtupu ningekushauri aina fupi kwenye chungu kikubwa, kuliko kupigana na ardhi miaka yote.

Wadudu wanaoonekana zaidi ni wadudu gamba, vijidudu vidogo vinavyoganda kwenye matawi na kufyonza utomvu. Wenyewe hawaonekani upesi. Utakachoona kwanza ni masizi meusi juu ya majani na sisimizi wakipanda na kushuka. Sisimizi wanafuata utamu unaotolewa na wadudu hao, na wanawalinda. Kata matawi yaliyoathirika sana, osha yaliyobaki kwa maji ya sabuni, zuia sisimizi. Mara nyingi hiyo inatosha.

Ukweli na uzushi

Wanaosema kwamba nyasi na magugu hayaoti vizuri chini ya botobrashi wameona kitu cha kweli, na kisa chake kinamgusa kila mkulima wa mahindi. Mwaka 1977, huko California, mwanabiolojia wa kituo cha utafiti cha kampuni ya kemikali ya Stauffer aligundua kwamba chini ya botobrashi magugu yalikuwa machache. Udongo ulipochunguzwa ikapatikana kemikali iitwayo leptospermoni, ambayo huyafanya majani ya magugu yapauke hadi kuwa meupe, kwa kuwa huzuia mmea kutengeneza rangi zinazoikinga klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya majani, dhidi ya jua. Kemikali hiyo ya asili ilikuwa dhaifu mno kwa matumizi ya shambani. Watafiti waliibadilisha umbo, na baada ya miaka mingi ikazaliwa dawa ya magugu ya mesotrioni, iliyoingia sokoni mwaka 2001 kwa jina la Callisto, lililotokana na Callistemon. Inatumika kwenye mahindi kwa sababu mhindi huivunjavunja upesi ndani yake kabla haijaudhuru.

Kwenye bustani yako maana yake ni ndogo lakini ipo. Kivuli, majani makavu yaliyojaa na mizizi ya juujuu navyo vinachangia kuzuia nyasi. Sukuma wiki na mchicha uviweke nje ya eneo la matawi.

Kuhusu mbu, jani la aina ya citrinus lina harufu ya limau, na pengine ndipo mazungumzo yalipoanzia. Lakini mafuta yamefungiwa ndani ya jani, hayatoki mpaka lifikichwe. Mti uliosimama dirishani haumzuii mbu kuingia. Tandika neti.

Kuhusu dawa, kuna mchanganyiko wa ndugu wawili. Mafuta yanayouzwa madukani kwa jina la mafuta ya mti wa chai hutoka kwa Melaleuca alternifolia, mti mwingine wa Australia, nayo ni ya kupaka. Yakinywewa yana sumu. Majani ya botobrashi yamechunguzwa maabara, na mafuta yake yameonekana kuua baadhi ya bakteria kwenye vyombo vya majaribio. Kuua bakteria kwenye sahani ya kioo na kumponya mtoto mwenye kikohozi ni mambo mawili mbalimbali, na katikati yake kuna swali la kipimo ambalo sufuria ya jikoni haiwezi kulijibu. Mtoto anayekohoa apelekwe zahanati. Mti wenyewe haujulikani kuwa na sumu kwa mbwa, paka au watoto wanaochezea maua.

Wanaonufaika nao wazi wazi ni nyuki na ndege. Brashi iliyofunguka asubuhi ina mbochi mwingi, na chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, hawakosi. Kama una mizinga, mti huu una faida kwako.

Kabla ya kupanda mingi, fahamu jambo moja zito zaidi. Nchini Afrika Kusini botobrashi umo katika orodha ya mimea vamizi inayodhibitiwa kisheria, kwa kuwa umetoroka bustanini ukaota kando ya mito na mabondeni. Ndugu yake, Melaleuca quinquenervia, ameharibu eneo kubwa la maji la Everglades huko Florida. Chanzo ni vile vijitunda vigumu. Ni kibubu cha mti: kila kimoja kimehifadhi mbegu nyingi ndogo kama vumbi, na kinaweza kukaa kimefungwa miaka mingi tawi likiwa hai. Moto ukipita, au tawi likikatwa na kukauka, vyote vinafunguka kwa pamoja na mbegu zinamwagika. Kwa hiyo usipande aina ya viminalis ukingoni mwa mto, na matawi yenye vijitunda usiyatupe kwenye mfereji wa maji ya mvua. Kukata brashi zilizonyauka, kulekule nilikoeleza juu, kunazuia mbegu kutengenezwa.

Ukitaka miche yako mwenyewe kwa mbegu, weka vijitunda vya zaidi ya mwaka mmoja kwenye mfuko wa karatasi mahali pakavu penye joto hadi vifunguke. Sia juu ya udongo laini bila kufukia, na loanisha kwa kusimamisha chombo ndani ya maji ili mbegu zisisombwe. Ila miche hiyo hailingani na mama. Rangi na umbo vitatofautiana. Aliyeupenda mti fulani achukue vipandikizi: ncha za sentimita 10 hadi 15 zilizoanza kukakamaa, majani ya chini yaondolewe, zichomekwe kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, zifunikwe nailoni angavu na kuwekwa kivulini. Baada ya wiki 6 hadi 10 vuta kidogo. Kikikataa kung'oka kimeshika mizizi. Kifunue pole pole kwa wiki moja kabla ya kukihamishia kwenye kiriba, na ukipeleke juani hatua kwa hatua hadi mvua zifike.